Manyapara Wanane wa Mama Mkubwa

Kila asubuhi, kabla hajagusa swichi yoyote, mama mkubwa huipigia mswaki miksa, ile mashine ya ukumbini ya kuchanganyia sauti za wanamuziki. Nasema mswaki kwa maana ile ile ya mswaki: wa plastiki, wenye nywele zilizolegea, ambao mtu ameutumia mdomoni miezi kadhaa. Nyumbani kwake mswaki hautupwi. Ukichakaa tu unatoweka bafuni, na baadaye utaukuta ukumbini, ndani ya kikopo cha bati kando ya miksa, pamoja na wenzake. Huchukua mmoja, huinama, na kuupitisha katika kila mfereji mwembamba ambamo kitelezi, kile kishikizo cha kuongezea na kupunguzia sauti, hupanda na kushuka, kuanzia wa kwanza kushoto mpaka wa mwisho kulia. Mifereji ni arobaini na minane. Kazi hiyo humchukua robo saa, na muda wote huo hasemi na mtu.

"Salamu yako itaitikiwa akimaliza," mpiga dramu aliniambia siku ya kwanza nilipofika pale. "Usikasirike. Hata meneja wa ukumbi husubiri."

Mpiga dramu huyo wanamwita Radi, na ukimsikia mara moja tu hutauliza sababu. Mama mkubwa, ambaye ni dada wa kwanza wa mama yangu, wanamuziki wote humwita Bi Kimya. Si kwamba hazungumzi. Huzungumza, tena ana maneno yenye ncha. Lakini katika kazi ambayo kila mtu anataka aongezwe sauti, yeye peke yake ndiye anayeshughulika na kupunguza.

Nilikuwa nimemaliza chuo na nikingoja majibu ya kazi. Mama alichoka kuniona. "Nenda kwa mama yako mkubwa ukamsaidie," alisema, "badala ya kujifungia na vitabu kama nondo ndani ya sanduku." Nikaenda. Mimi si mtu wa kuuliza maswali, hasa mbele ya watu, na nadhani ndiyo sababu tulielewana haraka. Nilikaa kwenye kigoda kando yake, nyuma kabisa ya ukumbi, nikatazama.

Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Utotoni aliimba katika kwaya ile ile anayoihudumia sasa, kama hilo linaweza kuitwa kuimba. Mwenyewe husema alikuwa akitafuta noti kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mwalimu wa kwaya, ambaye wakati huo alikuwa binti tu, hakumfukuza. Alimwambia, "Wewe mdomo wako hausikii, lakini masikio yako yanasikia. Nenda kasimame kule mwisho wa ukumbi, uniambie nani anammeza nani." Basi alisimama kule mwisho akiwa na miaka kumi na miwili, akawa anapaza sauti: "Alto wanawameza soprano! Yule mrefu wa besi amelala!" Wenzake walimchukia kwa muda. Alipokuwa mkubwa alitengeneza redio katika kibanda kimoja na marehemu mumewe, na ukumbi uliponunua miksa kuukuu yenye chaneli nne zilizokufa, waliitwa wao. Mumewe alifufua chaneli mbili, yeye mbili. Mumewe akarudi kwenye redio. Yeye hakurudi. Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita.

Miksa yenyewe ni pana kama kitanda cha watu wawili. Ina chaneli arobaini, kila moja njia ya sauti moja, na kila chaneli ina kitelezi chake: hiki cha ngoma kubwa ya Radi, hiki cha gitaa la besi, hivi ishirini vya maikrofoni za kwaya. Katikati yake, vikiwa vimejitenga kidogo, kuna vitelezi vinane vyenye vichwa vyekundu. Hivyo ndivyo anavyoviita manyapara.

Siku tatu za kwanza nilidhani nimeelewa. Nilimwona akishusha kitelezi chekundu kimoja na kwaya nzima ikashuka. Nikajisemea kwamba sauti zote za kwaya zinakusanywa na kupita hapo, kama maji ya mabomba mengi yanavyopita kwenye bomba moja kubwa lenye koki. Siku ya nne, wakati kwaya inafanya mazoezi, alifungua kifuniko cha miksa, akavuta waya mwembamba uliotoka kwenye nyapara wa tatu, akaunganisha hedifoni kwenye waya huo na kunivalisha.

Sikusikia kitu. Jukwaani watu sitini walikuwa wameachama midomo, na ndani ya ule waya palikuwa kimya. Aliposogeza kitelezi nilisikia mkwaruzo mdogo, kama mtu anayekuna mfuko wa shati, kisha kimya tena.

"Sauti haipiti hapo," alisema. "Haijawahi kupita. Umewahi kuona watu wakipakua magunia? Nyapara anasimama pembeni, mgongoni hana hata gunia moja. Akisema polepole, wote wanakwenda polepole. Mwenye nguvu bado yuko mbele, mchovu bado yuko nyuma, ila wote wamepunguza mwendo. Hawa ndio hao."

Akatoa hedifoni, akachukua ile mita yake ya kupimia umeme, akagusisha sindano zake mbili. Kitelezi kilipokuwa kwenye alama ya sifuri, mita nayo ilisoma sifuri. Akaanza kukishusha. Cha ajabu, kitelezi kilivyokwenda chini ndivyo namba ilivyokwenda juu: volti moja, volti mbili, tatu. Na jukwaani, hatua ishirini na tano kutoka tulipokaa, watu sitini walididimia pamoja kama jua.

"Akiwa juu hana la kusema, kila mtu afanye kazi yake," alisema. "Akishuka ndipo anapotoa amri."

Aliniambia kwamba ndani ya kila chaneli mna amplifaya ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na amplifaya hiyo haitawaliwi kwa mkono bali kwa volti. Ikipewa volti kiasi hiki, inaachia sauti kiasi hiki. Kitelezi cha chaneli yenyewe hupeleka amri yake, na nyapara naye hupeleka yake, na ile amplifaya ndogo huzijumlisha amri hizo mbili na kutii jumla. Ndiyo maana nyapara akishusha, kila mmoja hupungua kwa kipimo kile kile, na uwiano wao haupotei. Yule wa soprano anayechomoza kidogo hubaki amechomoza kidogo, hata wote wakiwa mnong'ono.

Nilishika ule waya kwa vidole viwili. Ulikuwa wa kawaida kabisa, wa kijani, wa kufungia hata mfuko wa sukari. Vitabu nimesoma vingi kuhusu mamlaka, na katika mitihani nimeandika kurasa juu ya nani anamtawala nani na kwa njia gani. Lakini sikuwahi kuyashika mamlaka mkononi hivyo, yakiwa hayana uzito wala mlio.

"Funga mdomo, nzi wataingia," alisema mama mkubwa.

Kisha akanionyesha ile njia nyingine, ile niliyoidhania, maana miksa inayo pia. Alizikusanya sauti za kwaya kwenye bomba moja kama nilivyowaza, akaifunga koki ya bomba hilo kabisa. Sauti za watu ziliondoka. Lakini mwangwi wao, ule mwangwi ambao mashine nyingine huuongeza ili kwaya isikike kama iko ndani ya jengo kubwa la mawe, haukuondoka, kwa kuwa ulichotwa kwenye chaneli kabla sauti hazijafika kwenye bomba. Ukabaki ukielea ukumbini, mbali, bila wenyewe. Watu wametoka, sauti zao zimesahau kutoka. Nywele za mikononi zilinisimama.

"Mizimu!" Radi alipiga kelele kutoka jukwaani. "Bi Kimya, usitufanyie hivyo mchana mchana!"

"Nyapara akiwashusha, wanaondoka na mwangwi wao," aliniambia, bila kumjali Radi. "Amri inafika kule kule chanzoni. Hakuna anayeacha kivuli nyuma."

Hilo ndilo lililohitajika Jumamosi ya wiki ile.

Mwalimu wa kwaya, yule yule aliyemsimamisha mama mkubwa mwisho wa ukumbi, alikuwa anaagwa rasmi baada ya miaka thelathini na minane. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo. Sauti aliyobakiwa nayo ilikuwa ya mnong'ono, na daktari alikuwa amemruhusu dakika chache tu kwa siku. Meneja wa ukumbi alipendekeza mtu mwingine amsomee hotuba yake. Mwalimu alikataa. Alikuja ukumbini siku ya Alhamisi akamshika mama mkubwa mkono na kusema neno moja tu, nikalisikia kwa kuwa nilikuwa karibu kabisa: "Nisikike."

"Utasikika, Mwalimu," mama mkubwa alimjibu. Usiku ule hakula vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ili mnong'ono ule uwafikie watu mia tisa, maikrofoni yake ilibidi ifunguliwe sana, karibu na mwisho wa uwezo wake. Lakini maikrofoni ikifunguliwa hivyo, husikia kila kitu, pamoja na spika zenyewe. Sauti huzunguka kutoka spika hadi maikrofoni na kurudi, na spika hupiga ule mluzi unaotoboa masikio. Maikrofoni ishirini za kwaya zikiwa wazi kandokando yake, mluzi ulikuwa hakika. Kwa hiyo kwaya ingemsindikiza kwa kuvumisha bila maneno mpaka afike kwenye maikrofoni, na akianza kusema, nao wangeanza kunyamaza huku nyapara wa tatu akishuka taratibu mpaka chini, zote ishirini zikafungwa pamoja na mwangwi wake. Ndipo njia ya Mwalimu, ambayo mpaka hapo ingekuwa wazi nusu tu, ingefunguliwa zaidi. Akimaliza, nyapara angepanda, na kwaya ingerudi na wimbo wa mwisho.

Kazi yangu mimi ilikuwa vitufe. Kando ya kila kitelezi cha chaneli kuna vitufe vidogo vinane. Ukibonyeza cha tatu, taa nyekundu inawaka, na chaneli hiyo imeingia chini ya nyapara wa tatu. Mama mkubwa alinipa karatasi ya majina, yeye akaenda kufunga nyaya jukwaani. Manyapara wenyewe nilishawajua: wa kwanza ngoma na besi, wa pili magitaa na kinanda, wa tatu kwaya, wa nne waimbaji wa mbele, na kadhalika. Nilipitia karatasi mstari kwa mstari, nikibonyeza kwa kidole na kuweka tiki kwa kalamu. Kwenye chaneli ya thelathini na saba palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wake wa kulala: *Mwl. kwaya.*

Nikabonyeza tatu.

Majaribio ya mchana hayakufichua kitu. Mwalimu alisema maneno manne tu ili asijichoshe, kwaya ikiwa imekwenda kubadili nguo, vitelezi vyake ishirini viko chini, na nyapara wa tatu amekaa kwenye sifuri yake, hana amri. Mwalimu alisikika hadi viti vya nyuma. Meneja alipiga makofi. Mama mkubwa alifuta miwani.

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Kwaya ikavumisha. Mwalimu alitoka pembeni mwa jukwaa, akitembea mwenyewe, akakataa mkono wa Radi aliyekuwa ameinuka kumsaidia. Akafika. Akaweka mikono miwili kwenye kijiti cha maikrofoni.

"Watoto wangu," alisema, na ule mnong'ono ukatokea juu ya mvumo wa kwaya, mkavu na wa karibu, kana kwamba anasemea kwenye sikio la kila mmoja wetu. Mtu mbele yangu alishusha pumzi. Mama mkubwa akaanza kumshusha nyapara wa tatu, kwa kidole kimoja, polepole sana.

Kwaya ikadidimia. Na Mwalimu akadidimia nayo.

Midomo yake ilikuwa ikienda. Watu wakainama mbele. Kitelezi chekundu kikafika chini, na hatukuwa na kwaya wala Mwalimu, tulikuwa na feni za dari. Mkono wa kushoto wa mama mkubwa ulishapandisha kitelezi cha thelathini na saba mpaka mwisho wa juu. Hakuna.

"Hatusikii!" mtu aliita.

"Maiki imekufa," mwingine akasema, na neno hilo likapita safu kwa safu. "Imekufa. Wampe nyingine." Meneja alikuwa ameshachomoka kwenye kiti akikimbilia ngazi za jukwaa na maikrofoni nyingine mkononi. Radi alikuwa akituonyesha sikio lake kwa kijiti cha dramu. Na Mwalimu aliendelea kusema, neno baada ya neno, katika dakika chache alizoruhusiwa.

Wakati huo ndipo nilipoiona ile taa. Ndogo, nyekundu, kando ya thelathini na saba. Tatu. Nilinyoosha kidole niizime.

Kiwiko cha mama mkubwa kiliuzuia mkono wangu, bila yeye kunitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa juu, kiganja kimemwelekea meneja, naye akasimama pale pale kwenye ngazi ya pili. Kisha, kwa mkono wa kushoto, alifanya mambo matatu. Alikishusha kitelezi cha Mwalimu kutoka juu kabisa hadi karibu na chini. Akabonyeza kitufe cha tatu, taa ikazimika. Akakipandisha kitelezi tena, taratibu, kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyelala.

Yote hayo hayakuchukua muda wa kuvuta pumzi na kuishusha. Ilinichukua mimi jioni nzima kuelewa ni kitu gani nilichokuwa nimekaribia kufanya. Kitelezi kilikuwa juu, na amri ya nyapara peke yake ndiyo iliyokuwa inaizuia ile sauti. Ningezima taa tu, amri ingeondoka ghafla na maikrofoni ingefunguka yote kwa mpigo mmoja. Mluzi ungempiga Mwalimu usoni, mbele ya watu mia tisa, katika siku yake. Mama mkubwa aliyaona hayo yote kabla kidole changu hakijafika. Alihesabu jumla ya amri mbili, akaondoa moja na kuipachika nyingine, na hakuna mtu ukumbini aliyesikia mahali pa kuungia.

Mnong'ono ulirudi katikati ya neno. Mwalimu mwenyewe aliusikia. Akanyamaza, akatazama ukumbi mzima, kisha akatazama kule mwisho, tulikokuwa.

"Nianze tena?" alinong'ona.

"Anza!" ukumbi ukajibu, kwa kicheko.

"Watoto wangu. Miaka thelathini na minane nimewafokea mpunguze. Leo na mimi nimepunguzwa." Watu wakacheka tena, na baadhi hawakucheka vizuri. "Nasema mambo mawili tu. Soprano, ubeti wa pili mmeukimbiza, nani anawafukuza? Na la pili. Nimewasikia wote. Kila mmoja wenu, hata wale mliodhani mmejificha nyuma ya wenzenu. Nimewasikia."

Ulikuwa mnong'ono tu, lakini mlinzi aliyekuwa nje ya mlango wa nyuma aliniambia baadaye kwamba alilisikia kila neno.

Mwalimu aligeukia kwaya, akainua mkono. Mama mkubwa akairudisha njia ya Mwalimu nusu, kisha kidole chake kikaanza kumpandisha nyapara wa tatu. Nilikuwa nimetazama kitendo kile wiki nzima, na bado sikuwa tayari. Watu sitini walirudi pamoja na mwangwi wao, na kila mmoja akakaa pale pale alipokuwa ameachwa, soprano mbele kidogo, besi chini yao kama sakafu, hakuna aliyemmeza mwenzake. Na Mwalimu, ambaye sasa hakuwa chini ya nyapara yeyote, alisimama katikati yao akihesabu mapigo kwa mnong'ono, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akihesabu: moja, mbili, moja, mbili. Mama mkubwa hakuifunga njia yake. Alikuwa analia, miwani ikamdondoka ikaning'inia kwenye uzi, na kidole hakikutikisika.

Watu walipotoka tulikaa sakafuni tukikunja nyaya. Jua lilikuwa bado linaingia kwenye madirisha ya juu. Radi alipita, akainama, akambusu mama mkubwa kwenye utosi, akafukuzwa kwa ncha ya waya.

"Mama mkubwa," nilisema, "ni mimi niliyebonyeza tatu."

"Najua."

"Nisamehe."

"Karatasi niliiandika mimi. Nimeandika mwalimu wa kwaya, ukamweka kwenye kwaya. Umesoma kilichoandikwa." Akaukaza mkunjo. "Ndiyo hasara ya kumchukua msomi."

Nikakunja waya mmoja, na mwingine. Ukumbi mzima ulikuwa umesema kitu kimoja, na meneja aliyefanya kazi pale miaka kumi alikuwa ameshaanza kukimbia. Mama mkubwa peke yake hakuinuka. Basi nikauliza.

"Watu wote walisema maiki imekufa. Ulijuaje kwamba haijafa?"

Hakuacha kukunja.

"Alishuka pamoja na kidole changu," alisema. "Ingekuwa maiki, ingekatika tu."